Kibao Kitupu cha Karungu

Nilimtambua Boke kwa jinsi alivyovua miwani. Tulikuwa Homa Bay, kwenye mazishi ya Mama Akoth, aliyekuwa mpishi wetu zamani, na watu walikuwa wamepanga foleni ya chakula chini ya hema. Mwanamke mzee aliyesimama mbele yangu alipewa sahani, akaona kitu kidogo kwenye ukingo wake, akavua miwani, akaisogeza sahani hadi ikakaribia kugusa pua, akakitazama kile kitu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Vijana waliokuwa wakigawa chakula wakaanza kuchekana. "Dani, hiyo ni mchele tu," mmoja akamwambia, akimwita bibi kwa Kijaluo. Naye akajibu bila kuinua uso, "Najua ni mchele. Nataka kujua ni mchele gani." Ilikuwa imepita zaidi ya miaka arobaini tangu nisikie sauti ile. Nilimwita jina. Akageuka, akavaa miwani, akanipima kuanzia kofia hadi viatu. "Owiti. Umenenepa." Nikamwambia na yeye bado anatazama vitu. "Na nyinyi bado mnakula samaki na macho yake," akasema, akichungulia sahani yangu. Tulikaa pamoja kwenye viti vya plastiki, tukamzungumzia marehemu, na kabla ya kuondoka akaniuliza kama niliendelea na ile kazi. Nikasema niliendelea hadi nikastaafu. "Vizuri," akasema. Hilo neno moja nilirudi nalo nyumbani kama mwiba. Nikapanda kiti, nikashusha kutoka juu ya kabati kitu nilichokifunga kwa gunia tangu ujana wangu, nikakaa nacho mapajani hadi chai ikapoa.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu. Mingine ilipita kama inavyopita. Huo ndio ninaourudia. Tulikuwa wasaidizi wawili katika kituo kidogo cha utafiti wa ziwa, hatua chache kutoka gati la Homa Bay. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama za kutosha kubeba ndoo. Boke, aliyetoka upande wa Kehancha, alikuwa na alama za kumfikisha mbali, ila hapakuwa na wa kumfikisha. Tulifanya kazi katika chumba chenye dirisha linaloelekea ziwani, meza ndefu ya mbao, na hadubini moja tuliyoifunika kwa taulo kama mtoto aliyelala. Ukuta wa mbao nyembamba ulitutenga na ofisi ya mkubwa wetu. Ikifika saa nne asubuhi bati lilianza kulia kwa joto, na harufu ya spiriti ya kuhifadhia vielelezo ikachanganyika na ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa nje. Hadi leo nikisikia harufu ya omena wabichi juani nageuka kumtafuta mtu. Boke hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, na mkubwa wetu, Daktari Mwakio, alikuwa Mtaita aliyekulia Mombasa. Kwa hiyo chumba kile kiliishi kwa Kiswahili, chake cha pwani kilichonyooka na chetu cha kuungaunga.

Daktari Mwakio alikuwa ametumia miaka mingi katika bandari za pwani akimfuatilia mnyama mmoja wa baharini ambaye si wa huko. Alitueleza habari zake siku ya kwanza kabla hata hajatuuliza tumelala wapi. Mnyama huyo, alisema, ni mdogo kuliko kichwa cha pini, lakini haishi peke yake. Kila mmoja ana kijumba chake, kimoja kimeshikana na kingine, mpaka vinakuwa zulia. Hujibandika chini ya meli, akafika bandari asikozaliwa, akafunika nguzo, minyororo na maboya. Alipohamishiwa ziwani alikuta nguzo za gati letu zimevaa kitu cha hudhurungi chenye matawi kama mizizi ya nyasi. Wavuvi walikiita ukoga, wakakikwangua kwa panga. Yeye alikitia kwenye beseni la maji, akakitazama, kisha akasema huo si ukoga, ni mnyama, jamaa wa maji baridi wa yule aliyemjua baharini. Swali lake likawa moja: huyu ni mwenyeji wa ziwa, au ni mgeni aliyeletwa na meli?

Ili kulijibu tulikata vibao vya plastiki, ukubwa wa daftari, tukavikwaruza kwa msasa, tukavitoboa na kuvifunga kamba na jiwe. Vinane tulivitumbukiza gatini, mahali meli zilipotia nanga. Cha tisa, kwa kuwa plastiki ilikuwa imekwisha, tulikipeleka Karungu, upande wa Migori, kwenye ufuo wa mitumbwi ya omena ambako siku hizo hakuna meli iliyofika. Daktari alieleza polepole, akichora hewani kwa kidole. Mnyama akimea kote kuwili, basi ni wa ziwa. Akimea gatini tu, na Karungu kibao kikabaki kitupu, tuna sababu ya kumshuku kuwa amekuja na meli. Nilikuwepo akieleza. Nilikuwa nikimtazama Boke akichonga penseli kwa wembe.

Mwezi wa pili wa kazi Boke ndiye aliyeona jambo ambalo hata Daktari hakuliona. Wanyama hao hutengeneza mbegu ngumu, na kila aina ina mbegu ya namna yake, duaradufu, iliyozungukwa na pete yenye hewa inayoifanya ielee. Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa na picha za aina zilizojulikana katika ziwa letu, na pete zao zilikuwa nyembamba. Za kwetu zilikuwa pana, dalili kwamba mnyama wetu si mmoja wao. Boke alichora mbegu thelathini, moja baada ya nyingine, hakutaka kuchora moja na kuirudia. Daktari aliziangalia akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. "Binti, umeona kitu nilichokipita mara kumi," akamwambia. Akaahidi kwamba jambo likisimama, yaani na kibao cha Karungu kikikubaliana na pete zile, ataandika barua Boke apelekwe Nairobi kwa mafunzo ya miaka miwili, ahitimu kuwa fundi wa maabara na asiwe tena msaidizi wa kuosha chupa.

Siwezi kueleza furaha ya chumba kile kwa mtu ambaye hakuwahi kuwatazama wanyama wale wakitoka. Unaweka kipande kwenye sahani ya maji, unakaa. Kwanza huoni kitu, virija vya hudhurungi tu. Ukiwa na subira, kwenye ncha ya kila kirija kunachomoza taji la minyiri, jeupe, laini kuliko unyoya, linacheza. Ukikohoa, yote yanarudi ndani mara moja. Boke aliwaita wapangaji. "Shhh. Wapangaji wametoka," alikuwa akininong'oneza, na mimi nikasimama na ndoo mkononi, nimebana pumzi. Siku moja Mama Akoth aliingia bila kubisha, akabamiza mlango. "Nyinyi wawili mmekufa ama mnaomba? Njooni ugali, kuon inapoa!" Boke akafumba macho kwa uchungu. "Mama Akoth, umefukuza ploti nzima." Mama Akoth akainama kwenye sahani, akatazama uchafu ule, akatutazama sisi. "Hawa watoto wa watu wamerogwa," akasema, akaenda zake.

Jikoni kwake ndiko tulikokula mchana, kwenye benchi moja. Kama kulikuwa na samaki wa ngege, Mama Akoth aliniwekea kichwa kwa kuwa mimi ni mtu wa ziwa, na Boke akageuza uso nilipokuwa nikifyonza macho. "Owiti, hiyo macho ilikuwa inaona kitu," alisema. "Iliona wewe ukija," nilijibu, na Mama Akoth akapiga mwiko kwenye sufuria. "Omera, ndugu yangu, kula! Hapa si pahali ya kutongozana." Boke alicheka hadi machozi. Aliniambia kwao wanakula ugali wa wimbi na maziwa lala, na kwamba siku moja nitauonja nijue chakula ni nini. Nilisema nitakuja. Mtu wa miaka ishirini na moja husema nitakuja kama vile barabara imefungwa kwenye kidole chake.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Daktari hakuisamehe. Kibao chochote kikitoka majini, kabla hakijatazamwa, kinafungiwa lebo ya karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli, maana wino unayeyuka. Mstari wa kwanza mahali, wa pili siku, wa tatu jina la aliyekiopoa. "Mstari wa tatu ndio kiapo," alituambia. "Hiyo mingine ni habari tu."

Kazi ya Karungu nilipewa mimi. Kila baada ya wiki mbili nilitakiwa kwenda kukagua kamba, na mwezi wa tatu ukiisha nikiopoe kibao na kukileta kikiwa kwenye ndoo ya maji. Mara ya kwanza nilikwenda kukitundika. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena alinionyesha mti imara majini, akaniahidi kuchunga watoto wasikate kamba. Nikamwambia nitamwona kila wiki mbili. Lakini njia ya kwenda huko inapita Macalder, na Macalder alikuwepo binamu yangu Oluoch, aliyekuwa akichimba dhahabu. Safari ya pili nilishuka kumsalimu tu. Alinipa karai, akanionyesha namna ya kuzungusha udongo na maji hadi uchafu uondoke na chini ibaki ile chembe inayong'aa. Sikuondoka hadi jua lilipoelekea kuzama. Nikarudi Homa Bay, nikaandika kwenye daftari: "Karungu. Kamba salama." Niliandika maneno hayo mara tano.

Wakati wa kukiopoa ulipofika, Oluoch alikuwa amesema wamekaribia mwamba wenye dhahabu. Nilikaa Macalder siku mbili kwenye matope, mvua ikanyesha, shimo likajaa maji, nikarudi Homa Bay na ndoo tupu. Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajafika, nilikwenda gatini. Nilivitazama vibao vyote vinane, nikachagua cha sita, kilichositawi kuliko vyote, kimefunikwa pembe hadi pembe. Nikafuta namba yake kwa msasa. Nikaandika lebo: Karungu, siku, Owiti. Kuhusu cha sita nilisema kamba imekatwa na rafadha ya boti, jambo lililokuwa likitokea. Watu wakisikia habari hii watasema niliogopa kufukuzwa, na ni kweli niliogopa. Lakini si hivyo tu, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilichagua kile kilichojaa kwa sababu nilitaka kumfurahisha Boke. Nilikuwa nimemwona kila mara anavyong'aa uso akiwapata wapangaji wake. Nilidhani nampelekea zawadi.

Boke aliinama juu ya kibao kile, lenzi ya mkono ikiwa jichoni. Nilisimama kando nikingoja tabasamu. Lilichelewa. Aligeuza kibao upande wa pili, akakirudisha. "Hii ni ya Karungu?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akasoma lebo. "Owiti, una uhakika?" Nikamwambia, "Nimeiopoa na mkono yangu." Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka kirahisi. Akaweka penseli mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu ambacho hatakihitaji. Baadaye akaichukua tena, akafungua daftari, akaandika alichokiona. Angeweza kusema kibao kimeharibika njiani, hakuna ambaye angemuuliza. Hakusema. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri jambo lililomwondolea Nairobi, na mimi niliyemdanganya nilikuwa nimesimama pale nikijiuliza mbona hafurahi.

Nilielewa siku ya tatu, kupitia ule ukuta wa mbao. Nilikuwa naosha mabeseni. Daktari alikuwa akisema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Basi ni mwenyeji, binti. Tumemsingizia ugeni." Boke akasema, "Lakini pete, Daktari. Pete ni pana." Akajibiwa kwamba huenda aina moja ina pete za namna mbili, kwamba kitabu kile ni cha zamani, kwamba mnyama anayemea Karungu pasipo meli hakuletwa na meli. "Siwezi kuandika barua juu ya pete peke yake. Nafasi ile wataipa mtu wa kituo kingine." Halafu nikasikia Boke akisema, "Sawa. Kibao ndicho kimesema." Kutoka nilipokuwa hadi mlango wa ofisi ni hatua nne. Nilizihesabu wakati ule na nimezihesabu tangu hapo. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye viwiko vyangu. Boke alipotoka alinipita, akanigusa bega kidogo, akaniambia, "Usijali, Owiti. Wewe ulifanya kazi yako."

Aliondoka mwisho wa mwezi. Alisema kwao wanatafuta mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba kuosha chupa kumemtosha. Mama Akoth alimfungia ngege wa kukaanga kwenye gazeti, akamwagiza awapikie wazazi wake na asitupe vichwa. Mimi nilimbebea sanduku hadi stendi. Nilikuwa na njia nzima ya kusema, na kwa njia nzima nilizungumzia mvua. Wiki iliyofuata nilikwenda Karungu, mara hii bila kushuka Macalder. Yule mama wa omena alinitambua. "Wewe ni mtu wa aina gani?" akaniuliza. "Ulisema wiki mbili. Watoto yangu nimewachapa juu ya kamba yako." Kamba ilikuwa imara. Nikavuta. Kibao kilitoka na utelezi wa kijani na konokono wawili. Niliwaondoa konokono, nikakigeuza juani, nikakitazama kila pembe kama Daktari alivyotufundisha. Hakikuwa na mpangaji hata mmoja. Bado kulikuwa na wakati. Nafasi ya Nairobi ilikuwa haijapewa mtu. Nilikifunga kwa gunia, nikakiweka chini ya kitanda. Sikukiandikia lebo. Daktari alihamishwa mwaka uliofuata, akafariki akiamini alichoandika, na mimi nikapandishwa cheo kwa uaminifu wa kazi.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nilikwenda Kehancha. Boke anaishi kwenye boma safi lenye mahindi hadi ukutani, na barazani ametundika picha zilizochorwa na wanafunzi wake wa miaka mingi: jani, mguu wa panzi, gamba la samaki. Nilizitazama moja moja ili nisimtazame yeye. Alinipakulia ugali wa wimbi na maziwa lala. "Ulisema utakuja," akasema. Nilikula nikamaliza, maana nilijua nikisema kwanza sitakula tena kwake. Kisha nikafungua gunia, nikaweka kibao mezani, nikamweleza yote, kuanzia karai la Oluoch hadi hatua nne. Hakunikatiza. Kuku aliingia, akatoka. Nilipomaliza, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Na dhahabu ulipata?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Boke."

Alicheka, kicheko kifupi kilichokatika katikati, akafuta macho kwa kona ya leso, na sikujua ni machozi ya kicheko au ya nini. Akavua miwani. Akakisogeza kibao hadi karibu na pua, akakipitia pembe kwa pembe, upande huu na upande ule, kwa muda mrefu, kama vile kuna kitu kingeweza kuwa kimejificha miaka yote hiyo. "Kitupu," akasema.

"Kitupu."

"Lakini kibao kimoja kitupu haithibitishi kitu, Owiti. Ingebidi tutundike zingine. Ingebidi turudi Karungu tena na tena."

"Tungerudi," nikasema.

Alitazama nje, kwenye mahindi, na nikaona kwamba na yeye alikuwa akiiona hiyo barabara, sisi wawili na ndoo zetu, mwaka baada ya mwaka, ufuo baada ya ufuo. Nilitaka kusema pole. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo njiani, tangu basi lilipopita Rongo. Kabla sijalitoa akanyanyuka, akaingia ndani, nikasikia droo ikifunguliwa. Alirudi na kipande cha kadibodi alichokikata kwa mkasi, kimetobolewa tundu kwa ncha, na penseli iliyochongwa kwa wembe. Akaviweka mbele yangu. Niliandika mahali. Kwenye mstari wa pili nikasita, nikamwambia siku siikumbuki.

"Andika hivyo. Siku haikumbukwi."

Nikaandika. Kisha nikaona ameweka kidole chake kwenye kadibodi, chini kidogo ya maneno yangu, mahali pa mstari wa tatu, na hakukiondoa hadi nilipoanza kuandika jina langu.